Nondo za dirisha zimeanza kupinda

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa Mbagala. Nina miaka 38, naishi na wanangu wawili pamoja na mama yangu mzazi, ambaye ametimiza miaka 71. Mama aliuza vitumbua zaidi ya miaka 30, na sisi sote tumesoma kwa vitumbua hivyo. Ana presha ya siku nyingi ila alikuwa akiidhibiti kwa vidonge.

Shida ya macho ilianza kama mzaha. Miaka miwili iliyopita alisema Msahafu wake umechakaa, herufi zinafifia katikati ya mstari. Tukamnunulia mwingine wenye maandishi makubwa. Baada ya miezi michache akasema na huo nao ni vilevile. Siku hizi anaupakata, anafungua kurasa, lakini anasoma kwa kichwa. Akifika kwenye sura ambayo hakuihifadhi vizuri, anaufunga.

Zikafuata nyuso za watu. Majirani walianza kununa kwamba mama anapita bila salamu, kumbe hawaoni. Anasema akimtazama mtu usoni anaona masikio, ushungi na mabega, ila pale penye macho na pua pamefutika kama ubao uliopitishwa dasta. Anatutambua kwa sauti na kwa mwendo.

Lililoniuma zaidi ni la ungo. Kuchambua mchele ni kazi yake nyumba hii, hakuna anayemshindania. Ramadhani iliyopita shemeji yangu aliuma jiwe kwenye pilau, jino likamegeka, ikawa kelele. Siku iliyofuata nilimtazama mama kwa makini. Anauzungusha ungo, kichwa kakiinamisha upande kama kuku anayesikiliza. Anasema ukingo wa ungo anauona wote, ila katikati kuna kivuli, na akikihama kivuli kinamfuata. Nikamnyang'anya ungo. Hakusema neno, lakini hakuzungumza na mtu hadi magharibi.

Tulikwenda hospitali moja, nisiitaje, miezi minne iliyopita. Tulipanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, daktari tukamwona saa tisa, naye alikaa nasi dakika tano. Alimtia matone, akammulika, akasema: "Hii ni ya umri, mama. Damu haifiki vizuri nyuma ya jicho. Miwani haitasaidia." Akaandika vitu kwenye kadi, akatuambia turudi baada ya miezi sita. Jicho la kulia ndilo bovu zaidi. La kushoto ndilo analolitegemea, ingawa tangu wiki iliyopita analalamika kwamba nondo za dirisha la sebuleni zimepinda, nami nikamwambia ni kazi ya yule fundi wetu wa mtaani.

Sasa kaka yangu mkubwa (dereva wa bajaji, mtu wa sigara na ushauri mwingi) aliposikia neno "damu" akasema basi mishipa imeziba, izibuliwe. Amempata muuza dawa Kariakoo mwenye "dawa ya kufungua mishipa ya macho": chupa tatu kwa shilingi 180,000, pamoja na matone yenye asali na kitu kingine ambacho hataki kukitaja. Yule bwana amesema pia mama aache vidonge vya presha, eti vinaipunguzia damu nguvu ya kupanda machoni. Mama ameacha, leo siku ya tano. Dawa bado hatujainunua, tunachanga.

La mwisho naliandika kwa aibu. Tangu mwezi uliopita mama anaona watoto wadogo wamevaa kanzu nyeupe, wamekaa kwenye ukuta wa jirani, jioni jioni. Hawasemi kitu. Anasema anajua hawapo, lakini anawaona mpaka vifungo. Kaka anasema ni majini, apelekwe Bagamoyo kwa mtu anayemjua. Mimi naogopa mama anaanza kurukwa na akili.

Je, ni kweli mishipa inaweza kufunguliwa? Tununue hiyo dawa? Na hao watoto je?

Binti wa Mbagala

JIBU

Marahaba mwanangu, na mama mfikishie salamu zangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Chupa za kaka yako umezipa aya nzima, watoto wa ukutani aya nyingine, na nondo za dirisha ukazipitia kwa sentensi moja, tena ukamsingizia fundi. Mimi naanzia hapo. Fundi hana kosa.

Dirisha lililonyooka mwaka jana halipindi wiki iliyopita. Mtu wa umri wa mama, mwenye ugonjwa wa makula (kuchakaa kwa kitovu cha nyuma ya jicho kwa sababu ya umri) jicho moja, akianza kuona mistari iliyonyooka inapinda kwa jicho la pili, sisi tuliofanya kazi wodi ya macho tunaacha chai mezani. Maana yake inawezekana kuna majimaji au damu imevuja chini ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho, ikaiinua, kama zulia lililoingiwa na maji kwa chini. Hiyo ndiyo sehemu ya ugonjwa huu yenye matibabu, na ndiyo isiyosubiri. Usingoje ile miezi miwili iliyobaki kwenye kadi. Mpeleke kesho, na ikishindikana kabisa, isipite wiki hii.

Leo jioni fanya hivi ili uende na maneno kamili. Chukua daftari la hesabu la mwanao, lile la viboksi. Katikati ya ukurasa weka nukta nyeusi ya wino. Mama avae miwani yake ya kusomea kama anayo, akae penye mwanga mzuri, ukurasa uwe mbali naye kiasi cha rula ya shule, sentimita 30. Mzibe jicho moja kwa kiganja, aitazame ile nukta bila kuhangaisha jicho, akwambie: mistari yote imenyooka? Kuna viboksi vilivyopotea? Kuna mahali pana mawimbi? Kisha jicho la pili. Jaribio hili lilibuniwa na daktari wa Uswisi, Marc Amsler, na hadi leo, pamoja na mashine zote tulizo nazo, wagonjwa hupewa karatasi kama hiyo wabandike nyumbani. Macho mawili yakiwa wazi kwa pamoja hayafai kwa jaribio hili, kwa sababu jicho zima linamfichia mwenzake aibu. Ndiyo maana watu hugundua wamechelewa.

Hapa Dar es Salaam kuna idara za macho Muhimbili na CCBRT Msasani, na zipo kliniki nyingine. Popote mtakapokwenda, dirishani usiseme "mama haoni vizuri", maana foleni nzima haioni vizuri. Sema: "Mama ana ugonjwa wa makula, na tangu wiki iliyopita jicho lake zuri linaona mistari iliyonyooka imepinda." Omba aonwe na daktari wa retina na uulize kama wana kipimo cha OCT, kile cha kupiga picha tabaka za nyuma ya jicho. Chukua ile kadi ya zamani, na vidonge vyake vya presha uvibebe na pakiti zake.

Akikutwa na uvujaji, ataambiwa habari ya sindano ndani ya jicho. Mwandae mapema, kwa sababu nimeona watu wazima wanaondoka na viatu mkononi wakisikia neno hilo. Jicho linatiwa ganzi kwa matone, linasafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha sindano nyembamba inapita kwenye weupe wa jicho kwa sekunde chache. Haichomwi mara moja ikaisha. Kwa kawaida huanza kila mwezi, kisha daktari anapanga kwa kutazama picha. Dawa ambayo wengi wetu tunaimudu ni bevacizumab, wengine wanaiita Avastin. Marekani iliruhusiwa mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, madaktari wa macho wakaona inazuia mishipa mibovu ya jicho. Mwaka 2011 jaribio kubwa la huko liliilinganisha na ranibizumab, yenye bei ya juu sana, na baada ya mwaka mmoja wagonjwa wa pande zote mbili walikuwa wanaona karibu sawa. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu za macho mwaka 2013. Kwa hiyo mkitajiwa dawa ya bei nafuu msidhani mnapewa makombo. Muulize gharama yake na kama bima yenu inaihusu kabla kaka hajachanga hata shilingi ya chupa. Na baada ya sindano, jicho likiwa jekundu, likauma na uoni ukashuka, mrudi siku hiyo hiyo. Maambukizi ni ya nadra lakini ni mabaya.

La pili ni vidonge. Leo hii, ukimaliza kusoma hapa, mpime mama presha. Duka la dawa lenye kipimo halikosekani mtaani kwenu. Ikiwa imepanda sana, au anaumwa kichwa, kifua, au anakosa nguvu upande mmoja, mwende hospitali usiku huo huo. Ikiwa sivyo, wasiliana na kliniki yake kesho asubuhi arudi kwenye dozi yake chini ya uangalizi wao. Huyo bwana wa Kariakoo amesema jambo la hatari kuliko chupa zake. Kiharusi hakikuulizi ulikuwa unatibu nini.

Sasa tuje kwenye damu, maana daktari wenu alisema kweli, ila aliisema kwa dakika tano.

Nyuma ya jicho kuna retina, utando wa kupokea mwanga. Katikati yake kuna eneo dogo, upana wake karibu nusu sentimita, linaitwa makula. Hapo ndipo tunaposomea, tunapotambulia nyuso, tunapochambulia mchele. Pembeni panaona ukuta, mlango na bajaji inayokuja. Ndiyo maana mama anaona ukingo wa ungo na haoni katikati, na ndiyo maana kivuli kinamfuata: hakiko kwenye ungo, kiko kwenye jicho, na jicho likigeuka nacho kinageuka.

Kitovu cha makula hakina mshipa wa damu juu yake, ili mwanga usizuiliwe. Chakula na hewa ya oksijeni vyote vinatoka chini, kwenye wavu wa mishipa midogo sana ya tabaka linaloitwa koroidi. Safu yenyewe ya wavu huo ni nyembamba kuliko unywele. Kati ya wavu na seli za kuonea kuna safu ya seli zenye rangi nyeusi. Hizo mimi nawaita mama lishe. Wao ndio wanaopokea mzigo kutoka barabarani, yaani kwenye ule wavu wa mishipa, wanalisha seli za kuonea, na kila siku wanazoa uchafu wao.

Kadiri umri unavyokwenda, uchochoro kati ya mama lishe na barabara unajaa takataka za mafuta na protini. Daktari akimulika anaziona kama vidoa vya manjano, zinaitwa druseni. Na barabara yenyewe inapungua. Mishipa mingine inasinyaa na kufa, yanabaki maganda yasiyopitisha kitu. Kwa takriban miaka kumi sasa kuna mashine zinazochora mwendo wa damu kwenye wavu huo bila hata kumchoma mgonjwa sindano ya rangi mkononi. Penye damu inayotembea panang'aa, pasipo na mwendo panabaki giza. Kwa wagonjwa ambao makula yao imekufa viraka viraka, giza limekolea zaidi kuzunguka ukingo wa kiraka, na pale giza linapokuwa pana, kiraka huelekea kutanuka haraka zaidi. Yaani kupungua kwa damu si maneno ya kumfariji mgonjwa, ni kitu kinachopigwa picha, na kinampa daktari fununu ya mwendo wa ugonjwa.

Lakini je, barabara ndiyo iliyofungwa kwanza mama lishe akafa njaa, au mama lishe aliugua wapeleka mzigo wakaacha kuja? Hapa wataalamu wenyewe wamevutana miaka mingi. Watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walichunguza macho ya watu waliokwisha kufariki, wakaandika mwaka 2009 kwamba kwenye aina kavu ya ugonjwa, ile ya viraka, seli zenye rangi ndizo zilizotangulia kufa na mishipa ikafuata. Kwenye aina ya uvujaji waliona kinyume: mishipa imepotea wakati seli za juu yake bado zipo. Inaingia akilini, kwa sababu seli hizo ndizo zinazotoa kemikali ya kuitunza mishipa, na zikikosa hewa zinaimwaga kwa wingi kuita mishipa mipya. Inayokuja sasa ni kama ile mipira ya maji ya kujiunganishia usiku: inafika kweli, lakini inavuja kila kiungo. Hapo ndipo nondo zinapopinda. Sindano niliyokueleza inanyamazisha hiyo kemikali.

Kwa hiyo mwambie kaka, kwa heshima kwa sababu ni mkubwa wako, kwamba neno "damu" amelisikia vizuri, ila "kuziba" ameliongeza mwenyewe. Hakuna kizibo kinachosubiri kuzibuliwa. Mshipa uliokufa haufunguki kwa mchemsho, na hakuna kidonge, chupa wala matone duniani yanayorudisha wavu huo. Hata nchi tajiri hawana. Marekani mwaka 2023 waliruhusu dawa mbili za sindano kwa aina kavu, pegcetacoplan na avacincaptad pegol, na zote zinachofanya ni kupunguza kasi ya kiraka kutanuka. Haziongezi kuona. Sasa kama wao na maabara zao wamefika hapo, huyu wa Kariakoo mwenye chupa ya elfu sitini angekuwa anauzia barabarani?

Matone ya asali na kitu kisichotajwa, hapana kabisa. Hayafiki nyuma ya jicho, yanaishia mbele, kwenye kioo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994 kuhusu vidonda vya kioo cha jicho hapa hapa Tanzania ulivihusisha na dawa za kienyeji za kutia machoni. Mama ana pembeni pa jicho panapoona vizuri. Kioo kikipata kovu, na huko pembeni patafunikwa.

Kama kaka anataka kweli kusaidia mishipa, azime sigara. Simtanii. Katika mambo yote ambayo mtu anaweza kuyabadilisha, sigara ndiyo inayoongoza: mvutaji ana hatari mara mbili hadi nne ya kupata ugonjwa huu. Na mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeupata, yeye mwenyewe yuko kwenye hatari kubwa kuliko mtu mwingine, kwa hiyo kaka anajichomea macho yake huku anachangia dawa ya macho ya mama. Ninyi watoto wote, mkishavuka miaka 50, mchunguzwe nyuma ya jicho kwa matone ya kupanua mboni, hata kama mnasoma gazeti bila miwani.

Jambo moja la kuuliza huko kliniki, na wengi hawaliulizi. Kuna druseni zinazokaa chini ya zile seli zenye rangi na nyingine zinazokaa juu yake. Hizi za juu, watafiti wa Mount Sinai, New York, walieleza mwaka 2022 kwamba zinaambatana na maradhi ya moyo na ya mishipa ya shingo, na damu ya jicho inapita shingoni humo humo. Daktari akikwambia mama anazo, msishangae akimpeleka kwa wenzake wa moyo. Si kumzungusha.

Vitamini? Utazikuta famasi zimeandikwa "za macho", nyingi hazina kitu. Mchanganyiko uliojaribiwa Marekani kwa maelfu ya watu, matokeo yake yakatoka mwaka 2001, ulipunguza kwa takriban robo uwezekano wa wagonjwa wa hatua ya kati kufika hatua ya juu ndani ya miaka mitano. Fomula iliyoboreshwa mwaka 2013 ina vitamini C miligramu 500, vitamini E yuniti 400, zinki miligramu 80, shaba (kopa) 2, luteini 10 na zeaxanthini 2. Ile ya zamani ilikuwa na beta-karotini, ambayo kwa wavutaji sigara huongeza saratani ya mapafu, hivyo kaka asijaribu kuonja. Zinarefusha safari kwa wanaostahili, hazirudishi kilichokwenda, na daktari ndiye atakayesema mama yuko hatua gani. Mchicha, matembele, kisamvu na samaki mpikie kwa wingi, hivyo havihitaji cheti.

Haya, watoto wa kanzu nyeupe.

Mwanangu, mama harukwi na akili. Mwaka 1760 bwana mmoja wa Geneva, Charles Bonnet, aliandika habari za babu yake, mzee mwenye akili timamu aliyepoteza uoni, ambaye aliona watu, ndege, magari ya farasi na majengo ambayo hayakuwapo. Hali hiyo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Ubongo uliozoea kupokea picha miaka 70 ukikatiwa, unajichorea zake. Huwa ni picha tupu bila sauti, zina undani kama hivyo vifungo, na mwenyewe anajua hazipo. Mama kasema yote matatu. Nimewahi kukaa na mzee aliyekuwa akiona maua ya rangi rangi yanashuka ukutani. Miezi minane hakumwambia mtu, akiogopa wanawe watamfungia ndani. Siku nilipomwambia wapo wengi kama yeye, alicheka hadi akakohoa.

Wakija jioni, mwashie taa, maana hupenda mwanga hafifu. Ahamishe macho kushoto na kulia mara kadhaa, apepese, au anyooshe mkono kuwagusa. Kwa wengi hupungua muda ukipita. Ila mtajieni daktari, na kama siku moja watoto wakaanza kuongea, au mama akaanza kuamini wapo, akachanganya siku, akapata homa, hilo ni jambo jingine na linataka uchunguzi wake. Kumsomea dua hakuna aliyekatazwa, mwombeeni nyumbani na roho yake itatulia. Nauli ya Bagamoyo iwekeni kwenye OCT.

Nikwambie na usichotaka kusikia: katikati ya jicho la kulia, kama ni seli zilizokufa, hapatarudi. Lakini ugonjwa huu peke yake hauleti giza totoro, pembeni hubaki. Kule kuinamisha kichwa kama kuku, mama amejifundisha mwenyewe kitu ambacho wataalamu wa uoni hafifu wanawafundisha watu kwa wiki kadhaa: kutazama kwa pembeni ya kivuli. Msimcheke na msimnyooshe shingo. Wekeni balbu yenye nguvu nyuma ya bega lake, si usoni. Pakeni chokaa ukingo wa ngazi ya mlangoni. Simu ina maandishi ya kukuzwa na ina sauti ya kusoma, na Msahafu upo wa kusikiliza, asikilize zile sura asizozihifadhi. Majirani nenda mwenyewe ukawaambie, wakipita waanze wao: "Shikamoo mama, ni mimi fulani."

Na ungo mrudishie. Mchele umwage kidogo kidogo, aupitishe kwa vidole. Mikono iliyopima unga wa vitumbua miaka 30 inalijua jiwe. Akimaliza, mjukuu apitie mara ya pili, na kama shemeji atauma tena, basi ni la mjukuu.

Niandikie ukitoka kliniki, unitajie neno kwa neno walichoandika kwenye kadi.

Shangazi